Vijana wakishaiva wanaondoka: mwenye gereji afanyeje?

Swali

Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna gereji Nyakato, Mwanza. Tuna wafanyakazi 12, kati yao mafundi wakubwa wanne tulioanza nao. Shida yetu ni vijana. Tunawachukua hawajui hata kushika spana, tunawafundisha, wakishaiva wanaondoka. Mwaka jana wameondoka watano: wawili wako kwenye bodaboda za mkataba, mmoja kafungua kijiwe chake Buzuruga, mmoja yuko mgodini Geita, mmoja hata hakuaga. Binti tuliyempata kutoka chuo cha ufundi cha VETA alikaa wiki tatu tu. Sasa hata mhasibu wetu kijana ananung'unika kwamba mshahara anaoupata siyo tuliomwahidi. Fundi wetu mkuu anasema vijana wa siku hizi hawataki kazi. Mwenzetu mmoja ametushauri tuweke Wi-Fi na tuwashonee sare. Mwingine anasema tushikilie vyeti vyao na tuwasainishe miaka mitatu. Tufanye lipi?

Jibu

Dada yangu, poleni, na hongereni pia. Gereji ambayo vijana wake wanachukuliwa mgodini ni gereji inayofundisha vizuri. Mgodi hauchukui mtu asiyejua kazi. Kwa hiyo mnachokitoa kinatakiwa, na kinatakiwa sana. Tatizo ni kwamba kijana akishakipata, haoni sababu ya kuendelea kukaa nacho kwenu.

Naanza na maneno ya fundi mkuu, kwa sababu yatawapoteza. Anasema vijana hawataki kazi. Hao wawili wa bodaboda wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanapigwa jua na mvua, wanakimbizana na trafiki na wanarudi nyumbani saa nne usiku. Mtu asiyetaka kazi hafanyi hivyo. Walichokifuata kule ni hesabu inayoeleweka. Pikipiki ya mkataba unapeleka hesabu kwa mwenye chombo siku baada ya siku, na mkataba ukiisha kadi inakuwa yako. Ni mkataba mgumu, na wengi unawashinda katikati, lakini una tarehe. Kijana anaweza kukwambia mwezi ambao pikipiki itakuwa mali yake. Sasa muulize yeyote kati ya hao waliobaki kwenu: mwaka kesho mwezi kama huu utakuwa nani hapa gerejini, na utalipwa kiasi gani? Nadhani atacheka.

Hapo ndipo pa kushika. Kijana akiingia anapewa kiwango cha saidia fundi, na hicho ni halali yake kwa sababu hajui kitu. Baada ya mwaka na nusu anashusha gia boksi mwenyewe, anabadili klachi, anafunga breki gari linatoka. Bei ya mikono yake mtaani imepanda. Mshahara wake kwenu uko palepale, au umeongezwa kidogo siku moja mlipojisikia vizuri baada ya mteja mkubwa kulipa. Anaondoka kwenda mahali ambapo bei yake ya sasa inajulikana. Mngekuwa yeye mngeondoka pia.

Dawa yake ni ubao ukutani. Kaeni na mafundi wakubwa jioni moja, mzivunje kazi zote za gereji vipande vipande: kubadili oili na filta, breki za mbele na za nyuma, shokapu na bushi, klachi, gia boksi, mfumo wa kupoza injini, umeme wa gari, kusoma kompyuta ya gari, mpaka kufungua injini nzima na kuirudisha. Kila kijana ana mstari wake. Kazi moja inahesabika ameiweza akishaifanya mara tatu mbele ya fundi bila kushikwa mkono, na gari halikurudi na tatizo lilelile. Inawekwa alama na tarehe. Idadi fulani ya alama ni ngazi moja juu, na kila ngazi ina mshahara wake, umeandikwa palepale kwa tarakimu.

Najua mume wako atasema mishahara ikiandikwa ukutani wataoneana wivu. Wanaijua tayari. Wanaijadili kila mchana kwa mama ntilie. Wasichokijua ni kwa nini fulani anamzidi mwenzake, na palipo na giza hilo jibu lao huwa moja tu: ni ndugu wa mwenye gereji. Kama kweli kuna shemeji mliyemweka asimamie stoo wakati hajui tofauti ya boljoint na bushi, mtafutieni kazi nyingine kabla ya kupigilia ubao huo ukutani.

Ubao hautafanya kazi bila wale wazee wanne, na hili ndilo gumu kuliko yote. Siku moja simama kando utazame kazi ya kufunga timing beliti. Injini imefunguliwa, alama za gia zinatakiwa zilingane, na ndiyo dakika kijana anatakiwa aone. Fundi anamgeukia: "Dogo, hebu niletee spana namba 17." Kijana anatafuta kwenye boksi zima, haipo. Akirudi kava limeshafungwa. Spana namba 17 ilikuwa mfukoni mwa fundi. Simlaumu. Yeye alifundishwa hivyohivyo, kwa miaka, na anajua kwamba siku kijana wa bei nafuu atakapoweza kila anachoweza yeye, mwenye gereji ataanza kupiga mahesabu. Kumhubiria moyo wa kujitolea ni kupoteza muda. Mlipeni. Kila kijana anapopanda ngazi, fundi aliyemfundisha apate kiasi kinachoeleweka, siku ileile, mbele ya wenzake. Na mumwandikie kazi yake mpya kwenye karatasi: mkaguzi wa magari yote kabla hayajatoka, mwenye sauti ya mwisho kuhusu ubora. Akiona uzee wake una kiti, atafundisha.

Wazee hao wengi wao hawana cheti. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti cha anachokiweza, bila kwenda kukaa darasani na watoto. Walipieni wao kwanza, kisha vijana wanaofika ngazi ya kati. Kuna waajiri wanaoogopa hili, wanasema ukimpa cheti umempa tiketi ya kuondokea. Wa kwenu wanaondoka bila cheti. Angalau kijana ajue kwamba akikaa miaka miwili atatoka na kitu chenye mhuri. Ndiyo tarehe ile niliyoisema.

Sasa fedha, na siongelei kuongeza mshahara, maana najua gereji si benki. Naongelea siku ya kulipa. Kwenu kijana analipwa lini? Kama jibu ni "tarehe tano, ila wakati mwingine tunasubiri mteja alipe", basi hapo mmempoteza. Kijana amepanga chumba ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anakula kwa mama ntilie kwa daftari, na mama yake kijijini anamtegemea. Mwenzake wa bodaboda ana fedha mfukoni kila jioni. Deni la mteja wenu ni lenu, lisishuke kwake. Sheria inawaruhusu kulipa kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa mwezi, ilimradi siku iwe imekubaliwa. Gawanyeni mshahara mara mbili, katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi, na tarehe isiyumbe hata siku moja. Hamjaongeza shilingi, lakini mmemtoa kwenye mikopo ya riba ya kwenye simu.

Mkitaka kuweka kamisheni, muwe waangalifu inatoka wapi. Msiitoe kwenye spea. Fundi anayepata asilimia ya spea atabadilisha hata shokapu isiyo na tatizo, na mteja akishagundua hamtamwona tena. Itoeni kwenye pesa ya ufundi, na muigawe kwa timu mwisho wa mwezi baada ya kutoa gharama za magari yaliyorudi. Mkimpa kila mtu peke yake, watagombea kazi nyepesi na breki zitafungwa kwa haraka haraka.

Halafu kuna makato. Hamkuandika, lakini karibu kila gereji ina hii: kijana kavunja taa ya Harrier wakati wa kufungua bampa, mwisho wa mwezi anakuta mshahara umekatwa wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu jambo hilo kienyeji hivyo. Lazima uharibifu uwe umetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, mmweleze kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, msidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mimi ningeenda mbali zaidi: anayejifunza atavunja vitu, na hiyo ni gharama ya kufundisha, itengeni kwenye bajeti. Kijana wenu aliyeondoka bila kuaga, naomba mwangalie daftari la mwezi wake wa mwisho. Sitashangaa mkikuta makato.

Mhasibu wenu ni jambo tofauti, na huenda hakuna aliyemdanganya. Tuseme mlimwahidi laki sita na alisoma chuo kikuu kwa mkopo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 kutoka kwake, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 24,000. Bodi ya Mikopo inataka asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 90,000. Mkononi anapata 426,000. Yeye siku ya usaili alisikia laki sita, akapanga maisha ya laki sita. Makato yote ni halali na ni wajibu wenu kuyapeleka, lakini mlipaswa kukaa naye na karatasi kabla hajasaini. Hata sasa hamjachelewa. Mpeni hati ya mshahara kila mwezi yenye kila mstari, na mumwonyeshe kwamba ninyi pia mnachangia NSSF juu ya mshahara wake. Wengi hawajui kabisa. Kwa anayekuja baadaye, taja kiasi cha mkononi kwenye tangazo la kazi.

Binti wa VETA. Hapa nina maswali kuliko majibu, na mtu wa kuyajibu ni yeye, kwa hiyo mpigie simu wewe mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Alikuwa anabadilishia wapi ovaroli? Choo kina komeo? Mteja aliposema "niitie fundi" wakati yeye amesimama pale na tochi mkononi, kuna aliyemjibu mteja kwamba fundi ndiye huyo? Na wale wazee walikuwa wanamwitaje? Kuna maneno ambayo gerejini yanaitwa utani na kwa sheria yanaitwa unyanyasaji, na mwajiri anayeyasikia akanyamaza anabeba sehemu yake. Kama mtajenga chumba kidogo cha kubadilishia nguo na choo cha kike chenye mlango unaofungwa, mtakuwa mmewapita wenzenu wengi, na mabinti wa ufundi magari wanaomaliza VETA watajua ndani ya muhula mmoja. Vyuoni habari zinatembea.

Huko huko chuoni ndiko pa kupatia vijana, tena kabla hawajamaliza. Wanafunzi wanapokuja kwenu kufanya mazoezi kwa vitendo, wengi hufagia uwanja, huosha injini kwa petroli na kutumwa vocha. Akirudi chuoni anawaambia wenzake ukweli huo. Mpe nauli na chakula cha mchana, mkabidhi kwa fundi mmoja anayejulikana, na hakikisha anaondoka ameweza kazi mbili za kwenye ubao, jina lake likiwa limeandikwa. Hamtahitaji tangazo.

Kuhusu Wi-Fi, wekeni, lakini kwa sababu ya michoro ya umeme wa magari. Kijana wa leo akikwama kwenye gari asilolijua anatafuta video, anaona jinsi mwenzake alivyolifungua, anarudi kazini. Simu ni kifaa cha kazi kama multimita. Marufuku iwe moja: hakuna kushika simu ukiwa chini ya gari. Na akitaka kurekodi kazi yake aiweke TikTok, mwacheni, mradi mteja amekubali na namba ya gari haionekani. Hayo ni matangazo ya bure.

Sare nazo wekeni, ila siyo fulana yenye nembo. Ovaroli mbili kwa kila mtu, viatu vya usalama, glavu na miwani ya kukatia kwa grenda, na msiwakate hata senti. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Na kama hamjajisajili WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, fanyeni wiki hii, ili siku kijana akiumia kazini atibiwe na kulipwa fidia, siyo kuchangishiwa kwenye kofia.

Vyeti, kama mnavyo hata kimoja droo­ni, rudisheni leo. Huyo mwenzenu anawashauri mjenge jela. Anayebaki kwa sababu cheti chake kimefungiwa atafanya kazi ya kiwango cha mfungwa, na wateja wataiona kwenye magari yao. Mkataba ni kitu kingine. Sheria inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi mambo ya msingi anapoanza: kazi yake, kituo, saa za kazi, ujira na jinsi unavyokokotolewa. Mtu anayekuja kila siku kwa miezi minane msiendelee kumwita deiwaka, yaani kibarua wa kutwa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na siku yake ya mapumziko ya wiki akikubali kufanya kazi inalipwa mara mbili. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, zenye malipo. Najua Jumapili ndiyo siku wateja wana nafasi. Pangeni zamu ionekane ukutani mwezi mzima mapema, ili kijana ajue Jumapili yake ya mpira na kanisani ni ipi. Kumwambia Jumamosi jioni "kesho uje" ni kumfukuza polepole.

Kumfunga kijana kwa muda kunakubalika mahali pamoja tu, nikiulizwa mimi: mkimlipia mafunzo ya gharama kubwa, tuseme ya magari ya mfumo mseto wa umeme na petroli, yenye bei inayojulikana. Andikeni kabla ya kulipa kwamba akiondoka ndani ya mwaka atarejesha sehemu, na sehemu hiyo inapungua kila mwezi anaokaa. Mwanasheria aipitie. Kwa kufundisha kazi za kila siku za gereji msimdai kitu. Amewalipa kwa jasho la ujira wa saidia fundi.

Hata mkifanya yote haya, baadhi wataondoka. Mgodi una mshahara ambao hamwezi kuufikia, msishindane nao. Mkipata miaka mitatu mizuri kutoka kwa kijana, mmefaidi. Yule wa kijiwe cha Buzuruga mmemnunia, eti? Mpigieni. Yeye hana mashine ya kusoma kompyuta ya gari wala winchi ya kushusha injini, na ninyi mna foleni ya kazi ndogo ndogo zinazowajazia uwanja. Akileta gari la kazi kubwa, apate sehemu yake. Mkimpelekea za kubadili oili, mpate yenu. Vijana waliobaki wakiona aliyeondoka anakaribishwa, watawaambia mapema wanapotaka kuondoka, na mtapata mwezi wa kumwandaa mwingine.

Hamwezi kuyafanya yote kwa mkupuo, na hampaswi. Tarehe ya mshahara na ubao havihitaji mtaji, vianze mwezi huu. Chumba cha kubadilishia nguo kinaweza kusubiri msimu wa kazi nyingi. Ila kama fedha iliyopo leo inatosha kununua kitu kimoja tu, nunueni stendi za kuegeshea gari, nne kwa kila gari linaloinuliwa. Kama vijana wenu bado wanaingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, mengine yote niliyoandika yasubiri kwanza.